Siku Sufuria za Mama Mkwe Ziliponipandisha Juu

Jamani, bora niwasimulie mwenyewe, maana najua ile video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa huku ughaibuni, na wanaoituma hawaelezi chanzo, wanaweka tu vile vikatuni vya kucheka machozi. Ndiyo, yule ni mimi. Ndiyo, ile ni suruali ya suti. Nimeshawahi kuaibika (nilishasinzia nikakoroma meza kuu kwenye harusi ya watu), lakini aibu ya siku ile ilikuwa ya daraja lake.

Mama Neema alikuwa amekuja kutoka Moshi kumtembelea binti yake, yaani mchumba wangu, na alikuwa anaondoka Jumatatu. Barua yangu ya posa ilikuwa kwa baba wadogo wa Neema kule nyumbani, nao walishasema hawajibu kitu mpaka Mama arudi na neno lake kuhusu huyu kijana. Miezi miwili mizima neno pekee la sifa nililolipata kwake ni kwamba viatu vyangu ni visafi. Kwa hiyo jumuiya yetu ilipoamua kufanya pikiniki ya kumuaga Jumamosi, kwenye kambi ya Greenbelt, nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho, nikasimama nikasema kwa sauti, "Usafiri wa vitu niachieni mimi, nitaleta trela."

Trela lenyewe ni la Dave, mzee mmoja ninayefanya naye kazi, ni ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye kitanda, meza na makochi nyuma. Dave alinipa na kile kifaa cha kugawa uzito, kina vyuma viwili virefu vinavyofungwa kwa minyororo pande mbili za shingo ya trela, yaani lile chuma la mbele linaloshikana na gari, kazi yake ni kusaidia ule uzito unaokandamiza mkia wa gari urudi kwenye magurudumu ya mbele, la sivyo pua ya gari inaangalia mbinguni na usukani unakuwa mwepesi. Ijumaa mchana nikalifunga pale ninapoishi, Beltsville, kwa makini kweli, nikapima kwa tepu kutoka chini mpaka kwenye madigadi ya mbele, nikafunga, nikapima tena, nikabadilisha pete za mnyororo, nikapima tena, mpaka vipimo vikakaa sawa.

Jirani yangu Papa Justin, Mkongo wa Bukavu, fundi wa magari kabisa, alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake.

"Ndugu, unapima ya bure," akasema. "Trela iko vide, haina kitu. Weka kwanza bitu byote, après ndio unapima."

Nikamwambia, "Papa, vitu vyenyewe ni vya pikiniki tu." (Huo ndio uamuzi mdogo ulioniua. Nilitaka nifike kanisani, tunakopakia, kila kitu kimeshafungwa, nishuke kwenye gari kama mtu anayejua anachofanya.)

Jumamosi asubuhi nikaingia kwenye maegesho ya kanisa Wheaton, nimevaa suti, na Papa Justin kaja na mimi kwa sababu alisikia kuna pilau. Vitu vya pikiniki tu! Kulikuwa na sufuria tatu za pilau, zile za kulisha msiba, kreti za soda, magunia mawili ya mchele ya sijui nani anakwenda kuyapika saa ngapi, majiko ya mkaa na mkaa wake, na Mama Neema katikati anaelekeza. "Vyote nyuma, kwenye makochi, visimwagike."

Nyuma kabisa ndipo pasipotakiwa kuwekwa uzito. Mzigo ukilemea nyuma shingo inakuwa nyepesi, na trela likifika barabara kuu linaanza kuyumba kama mlevi. Nilijua hilo. Dave aliniambia mara tatu. Lakini jamani, mimi nimsahihishe mama mkwe mtarajiwa, mbele ya jumuiya nzima, siku mbili kabla hajatoa neno? Kwetu mkwe humtazami hata usoni.

Neema akaninong'oneza, "Mwambie bwana, just tell her."

"Mwambie wewe."

"Trela la nani?"

Nikaamua nitarekebisha kifaa badala ya mzigo. Nikaweka kabari kwenye magurudumu, nikalegeza vile vyuma, nikatoa minyororo, nikainua shingo kwa jeki mpaka ikaachana na gari, nikasogeza gari mbele kidogo ili nipate nafasi ya kufanya kazi. Papa Justin akawa anatikisa kichwa tu.

Sasa, sisi hatusafiri bila kuomba, hata kama safari ni dakika ishirini. Wakati mimi niko kwenye gari, Mama Neema akawaambia akina mama, "Tuombee humu humu ndani." Wakaingia sita, wenye afya zao, wakaenda kukaa wapi? Nyuma, kwenye makochi, pamoja na pilau.

Niliposhuka nikaona shingo ya trela inainuka taratibu, kama mtu anayeamka usingizini. Sikufikiri. Nilikimbia nikajitupa kifudifudi juu yake, tumbo kwenye chuma, nikidhani kilo zangu sabini zitaishusha. Haikushuka. Ilinipandisha. Miguu ikaacha lami, suruali ikachanika pale inapochanikaga, na mkia wa trela ukagonga chini kwa kishindo nikasikia kreti zinateleza, masufuria yanagongana, na sauti ya Mama Neema, bila kutetereka, inamalizia, "...kwa jina la Yesu, amina."

Papa Justin akaja akasimama chini yangu. "Mi nilikuambia," akasema, halafu akaenda kufungua mlango.

Akina mama wakatoka mmoja mmoja kwa makalio, mchele kwenye vilemba, na kila aliyetoka mimi nikashuka kidogo. Mama Neema yeye hakutoka. Alipanda ile sakafu iliyoinama mpaka kwenye dirisha la mbele kuona kulikoni, na alivyokuwa anakuja, mimi nikashuka mpaka vidole vya miguu vikagusa lami. Akafungua dirisha. Uso wake na wangu vikawa pua kwa pua, na mimi asubuhi ile, kwa pilikapilika, nilikuwa sijamsalimia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba." Akanitazama. Akarudi hatua mbili nyuma, nikapanda. Akaja mbele, nikashuka. Akarudia tena (hapo ndipo mtu alipotoa simu), maegesho yote yanacheka mpaka mchungaji kashika nguzo.

"Kumbe vitu vilitakiwa visikae nyuma," akasema.

"Ndiyo Mama."

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama. Niliona ni kukosa adabu kukwambia."

Kicheko kikaisha. "Baba, ungetuingiza barabara kuu hivi hivi, na binti yangu ndani ya gari, kwa sababu ya adabu?"

Niwaambie ukweli, swali hilo liliniuma kuliko tumbo. Nilijua posa imekufa pale pale.

"Haya, panga," akasema. "Na usiniombe. Niambie."

Nikaanza, "Mama... naomba..."

"Nimesema usiniombe."

"Mama, shuka. Sufuria ziende katikati, juu ya magurudumu. Magunia yabaki hapa kanisani."

Akashuka, akajifunga kanga kiunoni, akabeba sufuria ya kwanza mwenyewe. Tulipakia upya, nikafunga upya, nikapima upya na Papa Justin ameshika tepu. Tukaondoka saa mbili baadaye, Mama kiti cha mbele, Neema nyuma, mimi nimefunga koti kiunoni kuficha ule mchaniko. Tuliposimama kwenye taa za barabarani Mama akampigia simu baba mdogo.

"Yule kijana ni mwoga," akasema, nasikia kila neno. "Lakini akiulizwa anasema kweli. Barua yake ijibuni." Halafu akanigeukia. "Na wewe usichekelee, angalia barabara."

Tangu siku ile nimeapa, sifungi trela tupu, na sinyamazii mzigo uliokaa vibaya, hata akiwa ameupanga askofu. Mama mkwe nimeshamkatalia jambo mara moja, kwa simu, nimesimama wima jikoni, na jasho lilinitoka mpaka soksi zikalowa.