Nasadiki kutoka Nyuma ya Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Misheni, Mjerumani mrefu asiyependa utani, aliniuliza jambo moja tu: "Imani ya Mitume unaijua?" Nikaisema yote bila kupumua. "Umeisema vizuri," akajibu, "sasa jifunze kuisadiki." Nilinuna kutwa nzima. Enzi hizo mwalimu wa misheni alifundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, na hakuna aliyeguswa na maji kabla hajaitamka Imani mbele ya wenzake. Vitabu vilikuwa haba, tukafundishana kwa kuitikizana. Ninyi vijana wa leo mnaikariri mbiombio kama mnaofukuzwa na nyuki.

Kutoka Ipyana, nilikoanzia kazi, nilihamishiwa Mwaya, kwenye kanisa la kuta za mianzi. Huko nilikuta wakatekumeni wawili wa nyumba moja: mzee aliyedhoofishwa na kifua, na mke wa mwanawe. Kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake wala hakai naye chini ya paa moja; akisikia anakuja, hujificha migombani. Niliwafundisha kwa zamu. Lakini siku ya ubatizo ilikuwa moja, na Msimamizi alitufikia kwa nadra.

Asubuhi ya ubatizo nikamweleza Msimamizi mwiko huo. "Watasimama pamoja humu ndani," akasema, "au mmoja angoje safari yangu ijayo."

Sote tulijua mzee asingeifikia safari hiyo. Yule mama akaniambia kutoka nyuma ya mgomba, "Mwalimu, mkubwa abatizwe. Mimi bado nina nguvu, nitangoja." Moyo uliniuma, maana hakuna aliyeitamani siku ile kama yeye.

Mzee alikwisha kuketi kanisani. Nilipomnong'oneza habari, alishika mkongojo wake. "Miaka yote hii ananikimbia yeye," akasema. "Leo nitatoka mimi."

Akatoka mbele ya watu wote, akasimama juani nyuma ya ukuta. Mzee kumpisha mkwewe! Wazee wenzake wakaguna. Mama akaingia, akaanza, "Nasadiki," na kutoka nje sauti yenye kikohozi ikafuatana naye neno kwa neno. Walipofika "ushirika wa watakatifu" mama alilia, lakini hakukatisha. Msimamizi alimbatiza mama, kisha akalibeba bakuli la maji kwa mikono yake mwenyewe, akatoka nje. Tukamsikia mzee akishukuru, "Ndaga fijo, ndaga fijo." Nilimpenda Msimamizi siku ile.

Mzee tulimzika kabla ya masika. Baadaye vita vikaja, Wajerumani wakachukuliwa, shule ikafungwa, nasi tukaendelea kufundishana Imani kwa vinywa vyetu vitupu.

Sasa nimestaafu, na meno yamenistaafu pia. Wajukuu huniuliza maneno ya kale namna ile yanatufaa nini leo. Sina hotuba ya kuwapa. Ila kila Jumapili, tukifika "ushirika wa watakatifu", mimi hupunguza sauti kidogo, nimsikie aliye nje.