Ndagala moja mu sahani yangu

Bandugu, leo mama ameniazibu juu ya kiazi chenye kilianza na kitu macho haiwezi kuona.

Nimefika kwetu mu Baraka asubui, natoka Bukavu, kwenye nafanya staji, kujifunza kazi mu labo ya mimea. Nilimuambia mama kwa simu naleta kiazi ya labo, naye alishatangazia bajirani: mutoto wangu anakuja na mufuko ya viazi vya kizungu! Sufuria iko kwa moto. Bajirani balishakaa.

Mi natoa kachupa. Ndani, kamumea kamoja, karefu sawa kidole.

Bajirani bakaangalia kachupa, bakaangalia sufuria.

Nikaanza kueleza, jasho inatoka: "Mama, tulikamata jani ya kiazi, tukatenga seli moja, kitu kadogo kabisa. Ikajigawanya, ikajigawanya, mupaka ikakuwa mumea muzima. Seli moja tu inatosha!"

Mama akasema: "Ah bon, kumbe."

Mi nikazani ameelewa. (Mujinga mi.)

Saa ya kula, kila jirani iko na bugali na ndagala, tule tusamaki tudogo twa ziwa, ya kujaa sahani. Mi, sahani kubwa kuliko yote, na katikati ndagala moja. Inaniangalia.

"Mama, na zingine?"

"Tia hiyo moja mu kachupa yako, mutoto wangu. Ngojea ijigawanye."

Bajirani bangali banacheka mupaka sasa.

Nani iko na bugali ya kubakia? Nakuja na mikono mitupu, sitaeleza kitu.