Mchezo wa Kumbikumbi Usio na Pointi

Chuo chetu cha kompyuta kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kakamega. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mashine zilikuwa sita, zote za mitumba. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu aliagizwa atengeneze mchezo wa video. Huo ndio uliokuwa mtihani. Aliyeanguka hakupewa cheti. Wenzangu walitengeneza magari ya mashindano na ndege za kufyatua risasi. Mimi nilitengeneza kichuguu.

Wazo lilitoka kwenye kitabu chembamba kisicho na jalada, nilichokinunua kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na soko. Kilieleza mafundisho ya Watao, Wachina wa kale walioamini kwamba mtu huishi vizuri anapokwenda sambamba na maumbile bila kuyalazimisha. Nilikisoma nikimwona mama yangu. Kwetu Malava miwa ilituzunguka pande zote, lakini kichuguu kilichokuwa nyuma ya jiko hakuna aliyethubutu kukigusa kwa jembe. Msimu wa kumbikumbi ulipofika, mama alikifunika kwa matawi na blanketi kuukuu, akaacha tundu moja lililoelekea kwenye shimo dogo, kisha akaketi kugonga ubao kwa vijiti viwili. Kumbikumbi walidhani mvua imeanza, wakatoka wenyewe.

Nilitaka mchezaji afanye hivyo hivyo. Kitufe kimoja kilikuwa cha kugonga, kingine cha jembe, kwa kuwa sikutaka kumnyima mtu nafasi ya kukosea. Akichimba, kichuguu kinabomoka na skrini inabaki udongo mtupu.

Mara ya kwanza nilikosea mimi. Nilipanga mapigo yaliyolingana, kama ya saa. Nilipomgongea mama mapigo hayo mezani wikendi moja, hakuinua hata macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Hiyo si mvua," alisema. "Hiyo ni polisi kwa mlango."

Akafuta mikono, akanionyesha: matone machache, kimya, mengi kwa pamoja, kimya tena. Alisema kumbikumbi husikiliza kile kimya. Nilirudi chuoni nikaandika programu yote upya kwa ajili ya kimya hicho.

Mwalimu wetu aliutazama mchezo akauliza adui yuko wapi. Nikamjibu hakuna adui. Akauliza pointi ziko wapi. Akasema ni kitu kizuri cha kutundika ukutani, lakini kwenye mchezo lazima mtu ashinde. Alinipa hadi Ijumaa niweke pointi, na jembe lilete kumbikumbi wengi kuliko vijiti, la sivyo ataniangusha. Wenzangu walinisihi niandike tu namba kwenye kona, nichukue cheti, kisha nizifute. Mmoja alipendekeza niwape kumbikumbi bunduki wajitetee. Nilicheka nao. Sikubadilisha kitu.

Ijumaa wazazi walialikwa kuona kazi zetu, na mama alikuja na sweta yake ya kanisani. Mwalimu alianza kucheza mbele ya wageni. Aligonga mbiombio, hakuna kilichotoka, akachukua jembe. Udongo.

Mama akaomba kiti. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Aligonga kwa kidole kimoja, akaacha. Akagonga tena, akaacha kwa muda mrefu hata mzazi mmoja akauliza kama mashine imekwama. Ndipo nukta nyeupe ya kwanza ikachomoza kwenye tundu, ikafuatwa na nyingine, mpaka skrini ikajaa mabawa.

"Sasa mama, umepata pointi ngapi?" mwalimu akauliza, akiwatazama wageni.

"Wametoka, mwalimu," mama akasema. "Wewe walitoka wangapi?"

Wageni wakacheka. Mwalimu hakucheka, na jioni hiyo hiyo alama yangu ilibandikwa mlangoni: nimeanguka. Nilipewa fomu ya kurudia mtihani. Ilikuwa na nafasi kubwa ya kueleza kasoro ambazo ningerekebisha. Niliandika kwamba hakuna, nikatia sahihi, nikamrudishia mkononi. Kisha nikachomoa disketi yangu kwenye mashine, nikashuka ngazi na mama.

Cheti hicho sina hadi leo. Sijawahi kwenda kukiomba.