Shangazi na Firigisi ya Kanduyi

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, hakuna mtu Kitale aliyemuuzia shangazi yangu chochote kwa bei ya kwanza. Hata mng'oa meno alimpunguzia, na jino lilikuwa limeshatoka. Kwa hiyo nilipotaka kuoa Bungoma, sikuumiza kichwa kutafuta msemaji. Nilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja wa mahari. Zaidi ya hapo, hakuna harusi. Niliwahesabu mara mbili. Hakuna aliyezaa katikati ya hesabu.

"Wewe kaa kama kiti," shangazi aliniamuru tukitoka nyumbani Matisi. "Wakitaja bei yao, kwanza nacheka. Halafu naomba maji. Hapo ndio tunaanza."

Kwa wakwe, Kanduyi, kuku akaletwa. Baba wa msichana akachukua firigisi, nyama ya mwanamume mwenye boma, akaiweka kwenye sahani ya shangazi.

"Mama, hii ni yako."

Maisha yake yote shangazi alikuwa amewapakulia wanaume firigisi. Akaitazama. Akaila taratibu, macho yamelegea, kama mtu anayeombewa.

"Sasa sisi tunasema ng'ombe kumi na nane," mzee akaanza, kifua mbele, tayari kwa vita.

"Sawa," shangazi akasema.

Nusura nianguke. Lakini kiti hakisemi. Nikahesabu ng'ombe wangu upya kichwani. Bado kumi na mmoja.

Wazee wakatazamana, wakatoka nje. Dirisha lilikuwa wazi.

"Ati sawa? Si huyu ndiye yule mama wa Kitale?"

"Bana, mtu anakubali haraka hivyo, huyo haleti kitu."

"Basi tuseme zile ataleta kweli."

Wakarudi wapole. "Mama, kwani mko na ngapi nyumbani?"

"Kumi na moja," akajibu, bado analamba kidole.

"Leteni kumi. Moja ibaki, watoto wapate maziwa."

Nilitoka pale nikitembea kama ndama aliyefunguliwa kamba.

"Shangazi, ile 'sawa' ulikuwa umeipanga?"

"Kupanga nini? Mtu amekupa firigisi, utamcheka?"

Barabarani tukasimama kwa mama wa ndizi. Akataja bei ya mkungu.

Shangazi akacheka sana. Halafu akaomba maji.