Saruji ya Amos

Bi Hilda Capstick alizaliwa katika nyumba ya mawe iliyo juu kabisa ya bonde letu la Swaledale, kaskazini mwa Uingereza, akaolewa humo humo, na kwa miaka sabini na minane hakuwahi kulala nje yake zaidi ya siku tatu. Amos, mumewe, ndiye aliyehamia kwake. Nyumba ina miaka mia tatu na ushee: mawe nje, mawe ndani, kifusi katikati, na juu paa la mawe bapa. Zamani watu walilala upande huu na ng'ombe upande ule.

Mimi ni mwashi, na sipendi kuitwa mahali watu wameshakata shauri. Mwaka juzi, majira ya kuchipua, nikaitwa. Ukuta wa magharibi ulikuwa ukitoa maji mpaka kitandani. Binti yake, Maureen, alikuwa amempatia mama yake kijumba mjini: ukuta usipokauka kabla ya baridi, Bi Hilda anahama.

"Mvua tu hiyo," Bi Hilda aliniambia, akinimiminia chai.

"Imeanza lini?"

"Tangu mwaka wa sabini na mbili."

Mwaka huo Amos, sasa marehemu, alishinda kwenye ngazi kiangazi kizima akijaza saruji katikati ya mawe ya ukuta ule. Bonde zima lilikuja kumpongeza. Hata baba yangu, mwashi kama mimi, alimsifu. Aibu hiyo naibeba mimi. Nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: mvua ikiingia, upepo huitoa. Saruji huyafungia maji ndani.

Nilimwambia wazi kwamba itolewe yote.

"Kazi ya Amos huigusi, Clem."

"Basi anza kufunga mizigo."

"Una mdomo kama baba yako."

"Baba alimsifu mumeo. Angekuwa na mdomo kweli, usingelala na ndoo ya kukingia maji."

Nilichukua patasi, nikabandua kipande cha saruji kama kiganja. Nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka mchanga mbichi. Bi Hilda akaingiza kidole, kikazama. Nilimhurumia, nusura nimwombe radhi.

"Alichubuka magoti yote mawili kwenye ile ngazi," alisema. "Kila jioni nilimpaka mafuta."

Kisha akanyoosha mkono nimpe nyundo.

Tulifanya kazi wiki saba. Yeye alibandua sehemu ya chini, amekaa kwenye kigoda cha kukamulia, akinikosoa bila kupumzika. Mimi nilikuwa juu. Tulijaza chokaa, tukaifunika magunia yenye maji isikauke haraka ikapasuka. Oktoba Maureen akaja, akaupapasa ukuta wote kwa ndani kama anayenunua ng'ombe, asipate unyevu wowote. Akarudisha funguo za kijumba.

Siku hiyo nilimsaidia Bi Hilda kurudisha kitanda mahali pake. Aliweka kiganja ukutani.

"Amos angekukuta na patasi, ungekula ngumi."

"Najua."

"Halafu jioni angekwenda baa kuwaambia watu wazo lilikuwa lake."

Tulicheka mpaka akafuta macho.

"Alikosea, mume wangu," akasema. "Laiti angekuwepo nimgombeze."