Nilimwashia Dada Yangu Mwanga wa Marehemu

Mimi ni mzee wa kanisa, na nimemdanganya dada yangu kwa Biblia. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla ya wakati.

Nina miaka sabini na moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa nimestaafu na naishi Sombetini na mke wangu. Binti yetu alituachia kompyuta yake ya zamani, nikajifunza kutengeneza picha mpaka usharika mzima ukanijua. Kazi niliyoombwa zaidi ni kuunganisha watu: baba aliyefariki anawekwa pembeni ya watoto wake walio hai, kana kwamba walipigwa picha pamoja. Marehemu huzungushiwa mng'ao mweupe. Huku kwetu mtu akiuona mng'ao huo haulizi; anajua huyu ametangulia.

Mwaka jana tulipanga ibada ya kumbukumbu ya shemeji yangu, mume wa dada. Dada ana miaka themanini na mbili, anaishi kijijini Nduruma na ng'ombe wake wawili. Mama alipofariki ni yeye aliyenilea. Nilisoma kwa maziwa aliyokamua kwa mikono yake. Aliniomba kitu kimoja tu: picha kubwa, yeye na mumewe wamekaa pamoja, aitundike sebuleni.

Nikaanza kwa furaha. Katika programu ile kila picha inakaa kwenye leya yake, kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Nikawaweka wote wawili kwenye folda moja, nikaiita Wazazi. Kisha nikabofya kumwekea shemeji mng'ao. Lo! Na dada naye akawaka.

Nikaikagua leya ya dada. Haikuwa na kitu, safi kabisa. Nikaifuta, nikamrudisha, akawaka. Nikatafuta picha yake nyingine, ya kitenge cha bluu. Ilipoingia tu, ikawaka. Nikazima kompyuta, nikaiwasha tena. Nikaififisha leya yake, akawa kama moshi wa kuni mbichi, mbaya kuliko mwanzo. Mke wangu alipita na chai, akauliza kama natengeneza picha au nafukuza pepo.

Siku ya tatu nikabeba kompyuta, nikaipeleka picha hivyohivyo mjini kwa rafiki yangu mchapaji, Mhindi mmoja mzee tuliyejuana tangu ujana. Alivaa miwani, akaitazama.

"Mwalimu, huyu mama si dada yako? Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Sasa mbona umemzika? Hebu fungua folda tuone. Mara nyingi tatizo haliko kwa mtu, liko kwenye nyumba aliyomo."

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoanguka. Dakika moja ingetosha. Lakini dukani walikuwapo washarika wenzangu wawili, na mbele yao mimi ndiye fundi. Nikajibu kwamba hakuna tatizo, nimefanya makusudi. Akaniangalia kidogo, akachapa.

Nilipoifikisha Nduruma, dada aliipokea kwa mikono miwili. Akauliza taratibu kwa nini na yeye ana mwanga. Badala ya kusema nimeshindwa, nikafungua kitabu cha Kutoka, nikamsomea jinsi uso wa Musa ulivyong'aa aliposhuka mlimani. Nikamwambia mtu aliyetembea na Mungu miaka mingi hung'aa hata kwenye picha. Nilivyolieleza vizuri, hata mimi nilikaribia kuamini!

Dada hakuwa na sababu ya kunishuku. Alisema amina.

Baada ya ibada nikawa nasikia habari kutoka kwa wanawe. Amegawa vitenge vyake. Amemwonyesha mkwewe mahali atakapolazwa, kando ya mumewe. Mimi nikasema hiyo ndiyo hekima ya uzee. Kisha asubuhi moja akaanguka zizini, akiwa anakamua.

Hospitalini walikuta presha imepanda vibaya sana, wakamuuliza kuhusu dawa zake za kila siku. Akajibu bila wasiwasi kwamba aliziacha miezi miwili iliyopita, tangu picha ilipofika. Mdogo wake ni mzee wa kanisa, na alimweleza kwa Maandiko kwamba ameshawekewa mwanga. Mtu akishaitwa, vidonge ni vya nini?

Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi. Nimewahi kuhubiri juu ya manabii wa uongo, tena kwa sauti kubwa. Kumbe nilikuwa natangaza habari zangu mwenyewe.

Kutoka pale nilikwenda kwa mchapaji, nikamwambia yote. Hakunicheka. Alinionyesha kwamba mng'ao niliubofya kwenye folda, si kwenye leya ya shemeji, ndiyo maana kila aliyeingia humo aliwaka. Hata ningemweka mbuzi, angewaka. Chini ya jina la folda kulikuwa na alama ndogo ya jicho. Ukiibofya, mng'ao unazimika. Siku tatu nilikuwa naikodolea macho alama ile.

Dada aliporuhusiwa nilikwenda kwake na kompyuta. Nikapiga goti, kwa shida. Nikamwamkia, kisha nikamwambia kwamba mwanga ule haukutoka kwa Mungu, ulitoka kwenye kidole changu, na Musa nilimsingizia. Nikabofya jicho. Mwanga ukamtoka yeye, ukamtoka na shemeji.

Dada aliisogelea kompyuta, akaitazama vizuri.

"Kwa hiyo wewe mtoto umeniweka miezi miwili nangoja safari ambayo haipo," akasema. "Na vitenge vyangu nitavidaije?"

Nikaahidi kumrudishia mng'ao shemeji peke yake. Akanizuia kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto tangu siku ile aliyoanguka hauna nguvu.

"Muache hivyohivyo. Nimeishi naye miaka hamsini, hakuwa akiwaka."

Kisha akaomba maji ya kumezea kidonge. Namshukuru Mungu kwa glasi ile ya maji kuliko nilivyowahi kushukuru kwa karamu.

Siku hizi kila Jumamosi nakwenda Nduruma kumkamulia. Ng'ombe mmoja hanipendi, ameshanipiga teke mara mbili. Nimepokea.

Nanyi mnaosoma, hasa wazee wenzangu tuliozoea kuwa na jibu la kila swali: mkikwama, semeni mmekwama. "Nimeshindwa" ni neno fupi, na halijampandisha mtu presha. Mimi nililikwepa mbele ya washarika wawili dukani, nikaja kulisema nimepiga goti mbele ya mtu aliyenilea.