Godoro la Mitaa Miwili

Mume wangu Allal alipooa mke mwingine, aliapa mbele ya kadhi kwamba mimi sijawahi kuishi katika nyumba yetu hapa Fez. Miaka ishirini na miwili nimempikia, mwongo yule! Ili nisifukuzwe, nilihitaji cheti cha makazi kutoka kwa mukadamu, yaani msimamizi wa mtaa.

Taabu ni kwamba mpaka wa mitaa, uliowekwa na masultani wa kale, unapita katikati ya nyumba. Jiko liko mtaa wa Wafua Shaba, chumba cha kulala kilicho ubavuni mwake kiko mtaa wa Watia Rangi.

Nikamwendea Tahami, mukadamu wa Wafua Shaba. “Lalla Batul,” akasema, akiniita bibi kwa heshima, “mtu huandikishwa anapolala. Nenda kwa Bensalem.”

Bensalem wa Watia Rangi akasema, “Mtu huandikishwa moshi wake unapofuka. Rudi kwa mpuuzi yule.”

Nikaburuta godoro hadi katika jiko letu finyu, nikajilaza, nikamwita Tahami ashuhudie. Akakuna kichwa. “Lakini miguu yako, Lalla, imevuka mpaka!”

“Basi wewe niandikie kichwa, miguu ataandika mwenzako!”

Bensalem, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaruka. “Ala! Kichwa uchukue wewe, mtaa wangu utupiwe nyayo?”

Waligombana mpaka chai niliyowaandalia ikapoa. Mwishowe kila mmoja, kwa kumkomoa mwenzake, akaniandikia cheti cha mwili mzima.

Allal alipokuja kudai nyumba, nilimwonyesha vyeti viwili. Yeye hakuwa na hata cha miguu.